Vitz: taa za chini nimezima kwa rimoti lakini kijani hakizimi, na mkanda wa mbele umegeuka waridi

#1 vitz_usiku
Habari wadau. Vitz imefungwa taa za chini za neoni: mikanda minne ya rangi tatu, miwili ya sentimita 120 ubavuni, miwili ya 90 mbele na nyuma. Kontrola iko chini ya dashibodi, inatumia rimoti. Wiki tatu zilikuwa sawa, kisha mvua ikaanza. Sasa nikizima, kijani kinabaki hafifu, unakiona usiku tu. Gari likipanda tuta kinawaka kabisa kisha kinafifia tena. Pili, nikiweka nyeupe, mkanda wa mbele unatoa rangi ya waridi ilhali mitatu mingine ni nyeupe safi. Tatu, asubuhi betri inavuta kwa shida. Nianzie wapi?

#2 FyuziKumi
Karibu. Kabla mtu hajabashiri, jibu haya: moto (umeme chanya) umetoka betri moja kwa moja au ACC, yaani ule unaopatikana ukizungusha funguo? Fyuzi ya ukubwa gani, na imekaa wapi? Mikanda imeunganishwa kila mmoja na waya wake hadi kontrola, au mmoja unalisha mwingine?

#3 kondakta_mstaafu
Kwanza tusahihishane jina. Hizo si neoni. Neoni ni mrija wa kioo wenye gesi, unalishwa na transfoma inayopandisha volti 12 hadi maelfu. Gesi ya neoni yenyewe hutoa nyekundu ya machungwa, bluu hutoka kwa argoni na zebaki. Mrija huo ungevunjika kwenye tuta la kwanza ukitoka getini. Hizo zako ni LED za kubandika. Endeleeni.

#4 vitz_usiku
@FyuziKumi moto umetoka kwenye betri moja kwa moja. Fyuzi ni 20A, iko chini ya dashibodi karibu na kontrola. Waya ni ule uliokuja na seti. Mikanda imefuatana: ubavu wa kushoto, nyuma, ubavu wa kulia, mwisho ni mbele.
@kondakta_mstaafu sawa mwalimu.

#5 FyuziKumi
Hapo kuna makosa mawili hata kabla ya kijani chako.

Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Waya wa moto unatoka betri, unapita ukuta wa injini, halafu ndipo unakutana na fyuzi ndani. Ukikwaruzwa pale kwenye tundu la bati, hakuna kitu kati ya betri na moto wa kweli. Fyuzi ikae sentimita 15 hadi 30 kutoka ncha ya betri, na tundu liwe na mpira wake. Ukikosa mpira, tumia ule mkubwa unaopitisha waya za kiwandani: toboa kidogo kwa bisibisi, pitisha, ziba.

La pili ni hiyo 20A. Mkanda wa kawaida wa LED 60 kwa mita hula wati 14.4 kwa mita. Una mita 4.2, kwa hiyo wati 60 hivi, ampea 5 kwa volti 12. Injini ikinguruma inakaribia 7 au 8. Weka 10A, na waya wa milimita 1.5 za mraba kutoka betri hadi kontrola. Nywele zilizokuja na seti hazifai kwa kazi hiyo, nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa wembe: ukiona nyeupe ndani, tupa.

#6 mama_rilei
Nikija kwenye kijani. Mikanda hii ina waya nne: moja ya moto na tatu za rangi. Kontrola haikati moto, inakata upande wa athi (hasi, yaani bodi ya gari). Yaani waya wa pamoja una volti 12 muda wote kontrola ikiwa na umeme, na kila rangi huwaka pale kontrola inapoishusha athi. Sasa waya wa kijani ukichubuka ukagusa bati la gari mahali popote, umeshapata athi yake bila kuomba ruhusa ya kontrola. Rimoti utabonyeza hadi kidole kiote sugu.

Na kwa kuwa mikanda yote minne inatumia mstari mmoja wa kijani, yote inawaka pamoja. Ukiangalia kwa macho huwezi kujua kidonda kiko wapi.

Jambo jingine: kwenye seti nyingi waya wa pamoja ni mweusi. Fundi aliyezoea mweusi ni athi huufunga kwenye bodi, fyuzi inakatika, anaongeza fyuzi. Pengine hiyo 20A ndiyo historia yake.

#7 luthuli_mezani
Mama rilei yuko sawa lakini si lazima. Transista (swichi za ndani) za kontrola za bei ndogo zikipata joto hufa zikiwa zimeshikana, na rangi moja hubaki wazi daima. Kontrola ya plastiki isiyo na bati la kupoza, ampea 7, chini ya dashibodi juani: hufa hivyo hivyo. Kubadilisha kontrola ni dakika tano. Kutafuta kidonda ni siku nzima chini ya gari.

#8 mama_rilei
@luthuli_mezani transista iliyoshikana ingewasha kijani chote, si hafifu, na isingejali tuta. Lakini tusibishane, kipimo kipo.

Chomoa mikanda kwenye kontrola. Chukua waya wenye fyuzi ya 5A kutoka ncha chanya ya betri, gusa waya wa pamoja peke yake. Usiguse rangi yoyote. Kijani kikiwaka, hata kwa mbali, kinavuja kwenda kwenye bodi. Kisipowaka kabisa, shida ni kontrola. Kikiwaka, ukiwa umeshikilia hapo, chomoa soketi moja moja kuanzia mwisho wa mnyororo. Ile ambayo ukiichomoa kijani kinakufa ndiyo yenye kidonda mbele yake.

#9 baridi_ya_limuru
Hilo la mkanda wa mbele ni volti zimepungua njiani. Mkanda uko mwisho wa mnyororo, waya ni nywele, na kila mkanda unaotangulia unakula na kuacha makombo. Kwa nini waridi? LED za bluu na kijani zinataka kama volti 3.2 kila moja, nyekundu kama 2. Zimefuatana tatu tatu, kwa hiyo bluu na kijani zinahitaji 9.6 kabla hazijawaka vizuri, nyekundu 6 tu. Volti zikishuka, bluu na kijani zinachoka kwanza na nyekundu inabaki inajidai. Nyeupe ikikosa wenzake wawili inaelekea waridi.

#10 alteneta_14
Au ni kinyume. Mikanda hii imepimwa kwa 12, lakini gari likinguruma alteneta inatoa 13.8 hadi 14.4. Fanya hesabu: kwa 12, rezista ya bluu (kizuia mkondo kilicho kwenye mkanda) inabaki na volti 2.4. Kwa 14.4 inabaki na 4.8. Rezista ni ile ile, kwa hiyo mkondo kwenye LED ya bluu unakaribia mara mbili. Nyekundu inatoka volti 6 hadi 8.4, imeongezeka kama theluthi mbili ya sita... samahani, theluthi na ushee. Bluu na kijani zinapikwa, nyekundu inapona. Baada ya miezi utaona waridi vile vile. Dawa ni regyuleta ya 12V ya ampea 10 kabla ya kontrola.

#11 kondakta_mstaafu
Theluthi mbili ya sita, theluthi na ushee. Hesabu ya nauli ya mwisho wa mwezi hiyo.

#12 alteneta_14
2.4 kati ya 6 ni asilimia 40. Umefurahi?

#13 baridi_ya_limuru
@alteneta_14 hesabu nzuri, mkanda mbaya. Wa mbele uko mwisho kabisa, ndio unaopata volti chache kuliko wote. Ingekuwa ni kupikwa, ubavu wa kushoto ulio wa kwanza ungetangulia. Na wiki tatu si miezi.

#14 alteneta_14
Umesahau mbele kuna rejeta. Joto linalotoka pale chini pamoja na mkondo uliozidi linaweza kuua mkanda wa mwisho kabla ya wa kwanza. Pia ule utomvu unaofunika LED, kama si silikoni, hubadilika manjano kwa joto.

#15 udongo_mwekundu
Mmejaribu kuosha? Ukitokea upande wa Kikuyu msimu huu, mkanda wa mbele unapakwa udongo mwekundu kabla ya mingine. Kitambaa chenye maji na sabuni, dakika moja. Sicheki.

#16 vitz_usiku
@udongo_mwekundu umenishika, ni Kikuyu kweli. Nitaosha kwanza.

#17 FyuziKumi
Kipimo cha volti: washa nyeupe, mwanga wa juu kabisa, injini ikinguruma. Mita kati ya waya wa pamoja na waya wa rangi yoyote haitakupa jibu safi mwanga ukiwa wa chini, kwa sababu kontrola inawasha na kuzima haraka haraka. Ndiyo maana nasema mwanga wa juu kabisa. Pima palipotoka kontrola, kisha pima mwisho wa mkanda wa mbele. Utuambie namba zote mbili.

#18 mama_rilei
Na hata ukipata jibu, mnyororo huo uvunje. Kila mkanda uwe na waya wake hadi sanduku moja la kuunganishia ndani ya gari. Unaokoa volti, na mkanda mmoja ukiharibika mitatu inabaki.

Kuhusu betri: usiache kontrola kwenye moto wa kudumu. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kawaida ya pini nne. Pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya 10A. 87 inakwenda kontrola. 86 inachukua ACC, kwa mfano kutoka fyuzi ya redio au soketi ya sigara. 85 inakwenda athi kupitia swichi ndogo. Koili inakula chini ya robo ampea, kwa hiyo hiyo fyuzi ya redio haitasikia chochote. Ukitoa funguo, kontrola inakufa kabisa na kijani pia, hata kama kidonda kipo. Usiguse fyuzi za mifuko ya hewa wala ABS.

#19 waya_mweusi
Swali la pembeni: kwa nini asichukue tu moto kwenye taa za kuegesha? Zikiwaka, na za chini zinawaka. Hakuna rilei, hakuna swichi.

#20 FyuziKumi
Kwa sababu mzunguko huo umepimiwa balbu za wati 5. Nne, na za namba ya gari, ni kama ampea 2 na nusu. Ukiongeza 5 hadi 8 umefika kwenye fyuzi au umeipita, na zikikatika unabaki bila taa za nyuma usiku barabarani. Kwenye Golf na wenzake kompyuta inahesabu mkondo wa balbu, itakuwashia onyo. Unaweza kutumia waya wa taa za kuegesha kuamsha pini 86 tu. Hilo halina neno.

Ukitumia kile kichomeko cha kuongeza fyuzi: mguu unaolisha fyuzi zote mbili ukae upande wenye moto. Toa fyuzi ya zamani, pima kwa testa mguu upi una moto. Ukigeuza, mkondo mpya unapitia fyuzi zote mbili, na ya zamani inabeba mizigo miwili. Na angalia umbo: magari mengi ya Japani yana fyuzi ndogo au fupi. Usilazimishe kubwa, zinapanua midomo ya sanduku na baada ya hapo hata fyuzi sahihi inalegea.

#21 dereva_wa_thika_rd
Polisi je? Kuna aliyesimamishwa kwa taa hizi?

#22 kondakta_mstaafu
Hii ni Vitz, si nganya (matatu ya mapambo) ya Rongai. Bluu na nyekundu za kupepesa ni za polisi na ambulensi, usizikaribie. Zingine zima ukiwa barabarani, washa ukiegesha. Swichi ya mama rilei ndiyo wakili wako.

#23 dereva_wa_thika_rd
Lakini yake kijani hakizimi.

#24 kondakta_mstaafu
Basi atembee mchana.

#25 vitz_usiku
Majibu.

Kuosha: kulikuwa na udongo, umetoka, waridi imepungua lakini ipo.
Volti: 14.1 kwenye kontrola, 11.6 mwisho wa mkanda wa mbele.
Kipimo cha mama rilei: kijani kinawaka hafifu bila kontrola. Nilianza na soketi kati ya ubavu wa kushoto na nyuma: nilipoichomoa kilikufa, na ubavu wa kushoto wenyewe haukuwaka. Kwa hiyo kidonda kiko kuanzia nyuma kwenda mbele?

#26 mama_rilei
Ndiyo. Iache hiyo soketi imechomekwa, chomoa inayofuata, ya nyuma kwenda kulia.

#27 baridi_ya_limuru
14.1 hadi 11.6, volti mbili na nusu zimeliwa na waya. Kesi imefungwa.

#28 alteneta_14
Haijafungwa. 11.6 inakaribia 12 ambayo mkanda ulipimiwa. Kwa hesabu yako mwenyewe, bluu inabaki na volti 2 badala ya 2.4. Imepungua kidogo tu, jicho lingeona nyeupe iliyochoka, si waridi. Ahamishe mkanda wa mbele auchomeke wa kwanza kwenye kontrola. Ukiwa mweupe safi, wewe umeshinda. Ukibaki waridi, umeshapikwa.

#29 jeki_na_stendi
Kabla hajalala chini: jeki si stendi. Pandisha gari kwenye stendi mbili, sehemu tambarare, kizuizi kwenye magurudumu. Na nadhani najua kidonda kilipo. Vitz ina sehemu nne za kuwekea jeki, kwenye ule mdomo wa bati ubavuni. Waya ukipitishwa juu ya mdomo huo, jeki ya kwanza inaukata. Angalia ubavu wa kulia nyuma, kama paliwahi kupigwa jeki ya kubadilisha tairi.

Waya upite ndani ya mdomo, ufungwe kila sentimita 20, mbali na bomba la breki na la mafuta, mbali na ekzosi. Pale madigadi ya mbele, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama tairi linafika.

#30 vitz_usiku
@jeki_na_stendi mkono wako una macho. Ubavu wa kulia, mahali pa jeki ya nyuma, waya umebanwa, shaba ya waya wa kijani inaonekana na bati limechubuka rangi. Nimeuziba na tepu ya umeme. Kijani kimezima.

#31 luthuli_mezani
Tepu ya umeme chini ya gari haifiki Ijumaa. Gundi yake inalainika kwa joto, maji yanaingia, nayo inageuka kibegi cha kuhifadhi maji. Kata pale, bana kwa kiunganishi cha shaba, funika kwa mrija wenye gundi ndani unaonywea kwa moto.

#32 waya_mweusi
Bora kulehemu.

#33 luthuli_mezani
Kulehemu ni kuzuri mezani. Lehemu inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ndipo zinapokatika gari likitikisika. Kwa matuta ya mitaa yetu, bana. Kama lazima ulehemu, mrija upite sentimita 2 kila upande na waya ufungwe usicheze.

#34 waya_mweusi
Matatu mangapi yamelehemiwa na yanapepesa hadi leo?

#35 kondakta_mstaafu
Yanapepesa kwa sababu yamelehemiwa.

#36 vitz_usiku
Nimebana na kuweka mrija. Nimehamisha pia mkanda wa mbele ukawa wa kwanza: umeng'aa zaidi, waridi imebaki kidogo ukiulinganisha na wa nyuma.

#37 baridi_ya_limuru
Umeng'aa zaidi. Asante.

#38 alteneta_14
Waridi imebaki. Asante.

#39 FyuziKumi
Betri bado hatujaimaliza. Kijani kikigusa bati sawasawa kwa mita 4.2 ni kama 1.7A, kwa usiku wa masaa kumi ni 17Ah (ampea mara saa), nusu ya betri ya NS40 yenye 35Ah. Hapo gari haliwaki. Lakini kijani chako kilikuwa hafifu, labda mia moja milliampea, hiyo ni 1Ah kwa usiku na haiwezi kuilaza betri nzima. Kontrola inayongoja rimoti ni milliampea chache zaidi. Ama kuna usiku kijani kiligusa sawasawa, ama betri ni mzee, ama kuna kitu kingine kinakula. Funga milango, ngoja nusu saa, weka mita mfululizo kwenye ncha hasi. Chini ya milliampea 50 lala. Usiwashe injini mita ikiwa hapo.

#40 vitz_usiku
Limeoshwa leo kwa mashine ya presha, hadi chini. Usiku huu kijani hafifu kimerudi. Kidonda cha jeki kiko kikavu, nimekikagua.

#41 luthuli_mezani
Maji kwenye soketi, yale ya pini nne. Mpangilio wake mara nyingi ni moto, kijani, nyekundu, bluu. Kijani ndicho jirani wa moto, ndiyo maana kinawaka.

#42 mama_rilei
Umegeuza. Maji kati ya moto na kijani yanaivuta kijani kwenda volti 12, na pande mbili zikiwa na volti sawa LED haiwaki. Kinachowasha ni maji kati ya kijani na bodi. Soketi iliyobanwa juu ya bati lenye tope inaweza. Ujirani na moto unafanya kitu kingine: unakula pini. Utakuta unga wa kijani kwenye pini ya moto, siku moja mkanda utazima wote.

#43 luthuli_mezani
Nakubali nusu. Bado nasema angalia soketi.

#44 jeki_na_stendi
Au ncha ya mkanda. Mikanda hukatwa kila LED tatu na ncha iliyokatwa inabaki shaba wazi. Kifuniko cha silikoni kikitoka, tope linaunganisha shaba na bati la gari. Ukiziba, tumia silikoni isiyonuka siki. Inayonuka siki ina asidi, inakula shaba kwa ndani huku ukidhani umeziba. Na ukibandika upya: spiriti kwanza, kisha ile tepu ya 3M ya VHB, bonyeza kwa nguvu, na usiguse presha ya maji kwa siku tatu, ndipo gundi inakomaa. Ongeza vibano vya skrubu, tepu peke yake haishindani na Nairobi.

#45 vitz_usiku
Asanteni. Nimechomoa ya nyuma kwenda kulia, kijani bado kipo. Kwa hiyo sasa ni ubavu wa kushoto, mkanda wa nyuma au soketi zake?

#46 mama_rilei
Endelea kurudi nyuma. Chomoa ya kushoto kwenda nyuma, na ukiifungua tupigie picha ya pini kabla hujaifuta.